Kiti cha Agha Nosrat

Kwetu mtu akikoroga sukari kwenye chai, ama ni mgonjwa ama si wa huku. Sisi kipande cha sukari tunakibana kwa meno ya mbele, tunaipitisha chai juu yake, maisha yanaendelea. Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, pale hotelini Isfahan, nilipomwona Agha Nosrat anazungusha kijiko ndani ya istikani taratibu, kama anayekoroga dawa ya mtoto, nikajua kuna jambo. Na mimi nikishajua kuna jambo, hata mkate hauteremki mpaka nilijue lote.

"Agha Nosrat, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Kijiko."

"Kunywa chai yako, Jahan."

Jahan ndiye mimi. Napiga ngoma ya dumbak katika kundi la Kamyar, mwimbaji, na wakati huo tulikuwa katikati ya safari. Kashan tulishapita, Isfahan tumepiga maonyesho mawili, na Alhamisi ilikuwa siku yetu ya kunyoosha miguu kabla ya kupanda basi kwenda Shiraz. Agha Nosrat alikuwa mpuliza nai wetu, ile filimbi ndefu ya tete. Sehemu kubwa ya umri wake alitengeneza radieta za magari huko huko Shiraz, na nai akiipuliza nyumbani jioni, baada ya kusugua grisi mikononi. Kamyar alimwokota akiwa tayari ana wajukuu. Tangu hapo tumepiga naye miji mingi, lakini Shiraz, mji wake, bado. Jumamosi ndiyo ingekuwa mara ya kwanza. Binti yake alikuwa amechukua safu mbili nzima kwa ajili ya watu wa kichochoro chao: muuza mikate, kinyozi, mama mwenye kuku, wote.

"Wale wananijua kwa radieta," aliniambia mara nyingi tukiwa chumbani, maana tulilala chumba kimoja. "Jumamosi watanijua kwa kitu kingine, halafu hata nikifa poa tu."

Tukapanda chumbani. Nikafunga mlango, nikakaa kitandani kwangu, nikamwangalia bila kusema. Silaha yangu kubwa ni hiyo: mimi nikinyamaza, watu wanaogopa. Akavumilia kidogo, kisha akainua mdomo wa juu kwa kidole na kulisukuma jino moja la mbele kwa ulimi. Likaenda mbele, likarudi. Kama mlango wa choo cha stendi.

"Ya Ali," nikasema.

"Usimwambie mtu."

"Mimi?"

"Wewe ndiyo. Kukupa wewe siri ni sawa na kuibandika kwenye mlango wa msikiti Ijumaa. Lakini sina mwingine."

Lazima niseme hivi, kwa asiyejua: nai yetu haipulizwi kwa midomo kama filimbi za shule. Unaiingiza katikati ya meno mawili ya juu ya mbele, mdomo unaifunika, ulimi unausukuma upepo, na sauti inazaliwa pale pale, kati ya jino na ile shaba ya kichwa cha nai. Huna jino, huna sauti.

Daktari wa meno tuliyempata alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, kwenye ghorofa juu ya duka la mapazia. Alimlaza Agha Nosrat, akamgonga hapa, akamgonga pale, akapiga picha, akaiinua kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pake kama ndugu wa marehemu.

"Baba, mfupa umeisha," akasema. "Hili limeshakufa, na mwenzake anamfuata. Yote mawili yatoke."

"Yakitoka, mama daktari, ukaniwekea ya bandia, nitapuliza nai?"

"Nai hii ya kuweka kwenye meno?"

"Hiyo hiyo."

Alivua miwani. Nilimpenda kwa jambo moja: hakudanganya. "Sijui. Utakula nyama, hilo nakuahidi. Nai sijui."

Agha Nosrat akaangalia dari. "Jino la bandia halisikii," akasema polepole. "Unapuliza, lakini hujui upepo uko wapi. Nilimwona mmoja Tehran. Alikuwa mkubwa kuliko mimi. Alilia jukwaani."

Kisha akauliza, kama mtoto anayeomba aachwe acheze kidogo tu: "Linaweza kusubiri mpaka Jumapili?"

Daktari akavuta pumzi. Akachukua waya mwembamba na gundi ile inayokauka kwa taa ya buluu, akalifunga lile jino kwa majirani zake. "Laweza kushika wiki. Laweza kushika mpaka ngazi za kushukia hapo nje. Mikononi mwa Mungu."

"Mkono wako usiumwe, mama."

"Usitafune kitu kigumu. Na Jumapili uje, au uende kwa yeyote, lakini uende."

Tukashuka zile ngazi. Jino likashika. Barabarani akalijaribu kwa ulimi, akanitazama, na uso wake ukafunguka. Nikamwambia sasa twende tukale, shangazi anatusubiri, na asiyefika kwa shangazi yangu akiwa Isfahan huhesabiwa amekufa.

Shangazi Turandokht nyumba yake haijawahi kuwa na nafasi ya kukaa. Alhamisi hiyo walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi za kisima: binamu, majirani, mume wa binamu, mtu mmoja ambaye hakuna aliyemjua lakini alikula vizuri. Kamyar naye alikuwa amekwisha fika, ameketishwa juu kabisa kwenye mito, wasichana wanamzungukia kwa maswali. Mimi nyumba ikijaa hivyo huwa nanenepa papo hapo.

"Haya, mtu wa Shiraz huyo!" Shangazi akapiga kelele alipomwona Agha Nosrat. "Ameamka kabla ya adhuhuri! Jamani, leo jua limetokea wapi?"

"Nimeamshwa na njaa, dada yangu. Nilikula jana kwa mtu wa Isfahan."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Watu wa Shiraz husemwa wavivu, wa Isfahan wabahili, na hawa ukiwatania kuhusu mkono wao mgumu wanakupenda zaidi, alimradi usiombe kuongezwa. Shangazi akamrundikia biriani, ile nyama ya kusaga iliyokandamizwa juu ya mkate, laini, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba si mbavu. Agha Nosrat akala upande wa shavu, akataniwa, akatania. Tangu Kashan sikuwa nimemwona hivyo.

Katika wageni alikuwako Hesam, mpuliza nai wa hapo hapo Isfahan, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, ndevu zimechongwa vizuri, mpangaji wa jirani ya Shangazi. Baada ya chai watu wakaanza: Hesam atupulizie. Hesam akakataa. Wakamwomba tena, akakataa tena, kifua chake kinauma, nai imebaki nyumbani. Nai ilikuwa nyuma ya mlango, niliiona nilipoingia. Hivyo ndivyo ilivyo: kukataa kwa kwanza ni kwa adabu, kwa pili ni kwa heshima, na ukiombwa mara ya tatu ndipo unajulikana unataka au hutaki. Mara ya tatu akainuka, akaileta, lakini hakuipeleka kinywani. Akaenda akapiga magoti mbele ya Agha Nosrat.

"Kwa ruhusa yako, Ustadh. Mbele yako mimi ni vumbi."

"Tafadhali, bwana wangu. Sisi hapa ni wanafunzi wako."

Akapuliza. Alikuwa mzuri. Sitamdhulumu: alikuwa mzuri sana, safi, hakuna hata upepo mmoja uliopotea. Kilichokosekana ni kile kikohozi kidogo cha huzuni ambacho Agha Nosrat hukitoa pale chini, kwenye sauti za mwanzo, lakini hicho hata mwenyewe hawezi kukufundisha. Watu wakasema bah-bah, Shangazi akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kamyar akageuka. "Ustadh Nosrat, umemwonaje?"

Jibu la swali hilo kwetu ni moja tu, na kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alilijua. "Nimemwonaje?" akasema Agha Nosrat, mkono kifuani. "Akiwepo yeye, mimi ni nani? Kiti changu ni chake. Jumamosi akikalie yeye, mimi nikae chini na wapiga makofi."

"Mungu apishe mbali, Ustadh!" Hesam akasema.

"Hapana, kweli. Kiti ni chako."

Hapo Hesam alipaswa kuinua sauti. Alipaswa kuapa, kumbusu mkono, kusema afadhali nivunjike vidole. Badala yake akaangalia chini, masikio yamekuwa mekundu, akasema, "Ustadh ananionea huruma," kwa sauti ya mtu anayeona sahani ya nyama inakaribia.

Laiti wangeishia hapo. Lakini mume wa binamu yangu, mpumbavu mmoja muuza vigae, akasema kwa sauti, "Oneni moyo wa mtu! Nani siku hizi anatoa kiti chake?" Na wengine wakaitikia, kweli, kweli, watu kama hawa wamekwisha. Macho yote yakawa kwa Agha Nosrat. Unafanyaje? Umeshasifiwa kwa kitu ambacho hukukusudia kukitoa.

"Naapa kwa roho ya marehemu mama yangu," akasema, "kiti ni chake."

Mimi nikacheka kwa nguvu, kuwaonyesha watu njia. "Agha Nosrat bwana! Shiraz yote inakusubiri, halafu wewe unagawa viti kama peremende!"

"Shiraz itamsikiliza Hesam," akanijibu, bila kunitazama.

Nikamtazama Kamyar. Neno moja tu lilihitajika kutoka kwake: haiwezekani, Ustadh, bila wewe sisi si kitu. Ni neno la kawaida, hata muuza nyanya huliambia mteja wake. Kamyar akaweka istikani chini.

"Ustadh ameapa kwa mama yake," akasema. "Nani kati yetu atathubutu kukivunja kiapo cha Ustadh? Hesam, umebahatika."

Wakapiga makofi. Shangazi akapiga vigelegele, Hesam akambusu Agha Nosrat bega, sahani ya gaz, zile halua za kunata za Isfahan, ikapitishwa kana kwamba kuna posa imekubaliwa. Agha Nosrat akachukua kipande, akasahau, akakitia mdomoni. Akakumbuka, akakitoa taratibu, akakishika mkononi. Kilimyeyukia kwenye vidole.

Jioni ikikaribia tulitoka, mimi na yeye, tukatembea mpaka mtoni. Mto haukuwa na maji. Miaka hii hupata maji siku chache tu kwa mwaka. Watu wametandika mikeka ukingoni hata hivyo, wanakula mbegu za tikiti na kutazama udongo uliopasuka. Chini ya matao ya daraja la Khaju wanaume walikuwa wanaimba kwa zamu, wachuuzi, madereva, wastaafu, kila mmoja anafumba macho na kujisahau. Siku nyingine ningejitosa katikati yao, ningepiga hata juu ya ndoo.

"Mpigie Kamyar," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ulikuwa unasema tu. Anajua! Kila mtu anajua!"

"Kama kila mtu anajua, mbona wamepiga makofi?"

Nikajaribu njia nyingine. "Mwambie binti yako ameshawaalika watu. Mwambie basi kuhusu jino, kwamba limefungwa, limeshika."

"Jahan jan, roho yangu." Akasimama. "Nimeapa kwa mama yangu mbele ya nyumba nzima. Nikirudi nyuma, nitakuwa mtu gani? Mzee aliyetoa zawadi mchana na jioni akaenda kuipokonya. Watalizungumza hapa Isfahan mpaka nife, na wewe ndiye utakuwa wa kwanza."

"Mimi sitasema."

"Utasema. Huwezi kujizuia. Sikulaumu."

Mwimbaji mmoja, mzee mnene wa kofia ya sufu, alimaliza, akatuona, akaona na mfuko wa nai begani kwa Agha Nosrat, maana haendi popote bila mfuko ule. "Bwana! Njoo utupulizie kidogo, Mungu akupe umri."

"Nai hizi ni za mtu," Agha Nosrat akasema. "Nimembebea."

Tukarudi hotelini. Njiani simu yake ikaita, binti yake. Nikasikia upande wake tu. "Ndiyo, mwanangu... Basi linaondoka asubuhi... Kinyozi naye anakuja? Na mkewe?... Hapana, sauti yangu iko vizuri, ni vumbi tu... Tutaonana." Hakumwambia. Akairudisha simu mfukoni na kutembea hatua zile fupi za mtu aliyevaa viatu vya mwingine.

Tulikuwa hatujakaa vizuri chumbani mlango ukagongwa. Hesam. Amebeba nai zake na boksi la vitamu kwa mikono miwili, amenyoa upya.

"Ustadh, nisamehe kukuvunjia mapumziko. Ile sehemu ya mwanzo, unayopuliza peke yako... Agha Kamyar anasema haikuandikwa popote."

"Haikuandikwa, ni kweli."

"Basi mimi..."

"Ingia, mwanangu. Vua viatu. Jahan, mwitie chai."

Ile sehemu ya mwanzo ilikuwa yake. Aliitunga miaka mingi katika karakana, akisubiri maji ya radieta yapoe. Taa za ukumbi huzimwa, hakuna kinachoonekana, inatoka sauti moja ya chini kabisa, kisha inapanda polepole, na ikifika juu ndipo mimi naingia kwa vidole viwili. Akamfundisha kwa mdomo, anaimba kidogo, anasimama, Hesam anafuata. Hesam alikuwa mwanafunzi mwepesi. Lakini kila mara pale chini alikosea, aliisukuma sauti mapema.

"Ustadh, naomba," akasema mwisho. "Nipulizie mara moja tu niisikie. Nitairekodi kwenye simu, nisije nikaiharibu."

Nilidhani atakataa. Akafungua mfuko, akatoa nai ndefu, ile iliyogeuka rangi ya asali kwa jasho la mikono yake. Akaiweka kati ya meno kwa uangalifu, anafumba jicho moja kama anayetarajia kofi. Nami nikafumba yote mawili.

Jino likashika.

Likashika mwanzo, likashika kwenye kupanda, likashika kule juu ambako tangu Kashan alikuwa anakwepa. Sauti ilitoka nzima. Sijui nikuelezeje. Nimempigia dumbak miaka, sijawahi kumsikia hivyo. Ningeweza kuvumilia kama lingedondoka. Ningeliokota sakafuni, ningesema basi, Mungu ndivyo alivyopanga, twende tukalale.

Nikashindwa kukaa. Nikatoka nje kwenye korido, na Kamyar alikuwa amesimama pale ukutani, mikono mfukoni, kichwa kimeinama, anasikiliza. Alipoiona sura yangu akanyanyua kidole, ningoje. Sauti ikafika juu, ikaisha.

"Unasikia?" akaninong'oneza, macho yanang'aa. "Jioni moja tu, Hesam ameshaipata yote. Sikutegemea."

"Huyo si Hesam."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Lile jino..." akasema.

"Ulijua?"

"Nasikia kila usiku, Jahan. Anaruka sauti za juu tangu Kashan, nami naimba kwa nguvu kuzifunika. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia. Ningemwambiaje mtu kama yule, kabla ya Shiraz? Leo akafungua mlango mwenyewe."

"Ulijua alikuwa anasema tu."

"Nilijua."

"Limefungwa kwa daktari leo asubuhi. Limeshika. Umelisikia lilivyoshika."

Akajipangusa uso kwa kiganja, juu mpaka chini. Nilimwona anapima, na nikaombea, naapa, niliombea kama sijawahi kuomba. "Leo limeshika," akasema. "Jumamosi sijui. Na mwenye ukumbi wa Shiraz nimeshampigia, jina limebadilishwa kwenye bango. Na ameapa, Jahan. Hata nikimrudishia, unafikiri atachukua? Atanishukuru, atakataa, na atakataa tena vizuri zaidi."

"Mwombe mara ya tatu."

"Na akikubali, halafu likamtoka jukwaani, mbele ya watu wa kwao?"

Hilo nililijibu moyoni, kwamba basi angalau lingemtokea akiwa kwenye kiti chake. Mdomoni halikufika. Kamyar akanishika bega, akaniambia basi linaondoka saa mbili, nisichelewe kama kawaida yangu, akaenda zake akitembea upande wa zulia ili viatu visilie.

Ndani Hesam alikuwa ameanza tena. Akaipata ile sauti ya chini, karibu kabisa, akaisukuma mapema.

"Hapana, mwanangu," sauti ya Agha Nosrat ikasema, kwa upole. "Legeza taya. Usiibane. Tena, kutoka mwanzo."